Kisu Kilichokuwa Chini ya Kasha

Mama mkwe wetu alipofariki, sisi wake za wanawe watatu ndio tuliopewa kazi ya kufungua kasha lake. Ni kazi ya heshima na ya huzuni, kama ajuavyo kila mama aliyewahi kukunja kanga za marehemu. Tuliifanya baada ya matanga kuanuliwa, nyumbani kwao huko milimani Usambara, upande wa Lushoto. Waume zetu walikaa barazani na wazee. Sisi tulitandika mkeka, tukatoa kitu kimoja kimoja: vitenge, shuka, Biblia iliyochakaa, kadi ya kliniki ya mtoto aliyefariki zamani, stakabadhi za kodi. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, tulikuta kisu.

Hatukushangaa, maana kila aliyeolewa katika ukoo huu husimuliwa habari za kisu cha Mjerumani kabla hata hajalizoea jiko la mama mkwe. Babu wa waume zetu alikuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Ilisimuliwa kwamba mwaka 1916, Waingereza walipoingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, Babu alipambana na ofisa wa Kijerumani akamnyang'anya kisu hicho mkononi. Waume zetu wamekua wakijivunia habari hiyo. Hata watoto wetu wameiandika shuleni katika insha.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukishika. Sasa tulikiona vizuri. Kilikuwa na urefu upatao sentimita 30. Ubapa wake ulikuwa mpana, umechorwa majani na maua, na makali yake yalikuwa na meno kama msumeno. Mpini ulikuwa laini, rangi ya maziwa yaliyoganda. Pale mpini ulipokutana na ubapa palizungushwa pete ya madini meupe, na juu ya pete hiyo palikuwa na alama ndogo ndogo.

Mkubwa wetu alikisugua mpini kwa upindo wa kanga yake ili atoe vumbi. Ghafla akakiweka chini. "Nuseni," akasema. Tulinusa. Kilitoa harufu ya kafuri. Kwetu huku Wakristo na Waislamu wameoana na kuzikana miaka mingi, na hakuna asiyejua kwamba kafuri ni harufu ya sanda. Tukatazama pete tena, tukaona kitu kingine: vichwa viwili vidogo vya watu, kimoja nyuma ya kingine, vinatazama upande mmoja. Na ubapa, baada ya miaka yote hiyo ndani ya kasha lenye unyevu wa milimani, haukuwa na kutu hata punje.

Akina mama wenzetu, sisi ni watu wa kanisa, lakini tunasema kweli: siku ile hakuna aliyetaka kulala chumba kimoja na kisu kile.

Jioni tuliwaonyesha waume zetu, na hapo ndipo matata yalipoanza. Mume wa mkubwa wetu alisema kiuzwe. Kuna mnunuzi wa vitu vya kale aliyewahi kukiona enzi za mama, akasema ni silaha ya Kijerumani yenye mpini wa pembe ya ndovu safi, na kwamba angelipa fedha nyingi. Fedha hizo zingejengea kaburi na kubakiza ada za shule. Mume wa yule wa katikati alisema kitupwe mtoni siku hiyo hiyo, maana kina harufu ya maiti na vichwa vya mizimu. Mume wa mdogo wetu alisema atakayekiuza au kukitupa amemuuza Babu mwenyewe. Maneno yakawa makali. Ndugu watatu waliobeba jeneza la mama yao pamoja wiki iliyotangulia waliondoka barazani bila kuagana.

Usiku ule sisi watatu tulikaa jikoni. Tulijua kwamba ugomvi wa wanaume ukilala siku tatu huwa ugomvi wa watoto, na ukilala mwaka huwa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Isitoshe, mdogo wetu, ambaye ni mwalimu, alikumbuka jambo lililotutia hofu ya kweli. Pembe ya ndovu ni nyara ya Serikali. Kuwa nayo bila kibali ni kosa, na watu wamefungwa kwa kosa hilo. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1989. Kama mpini ule ulikuwa pembe kweli, mnunuzi yule angeweza kutupeleka sote kortini.

Asubuhi tuliwaendea waume zetu kwa adabu. Tukawaomba mwezi mmoja, tuchunguze ni kitu gani kabla ya kukigombania. Walikubali, nadhani kwa kuwa kila mmoja aliamini uchunguzi ungemuunga mkono.

Tulianza kwa kukisafisha. Hapa tunapenda kuwaonya wenzetu: msisugue kitu cha kale kwa steeliwaya wala kwa jivu. Mkifanya hivyo mnafuta maandishi, na maandishi ndiyo ushahidi. Sisi tulitumia kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tukakausha mara moja. Kisha tukakigeuza geuza juani hadi mwanga ukaangukia ubapa kwa upande. Karibu na pete yakatokea maandishi madogo yaliyolika: SHEFFIELD, ENGLAND. Na chini yake neno moja: STAINLESS.

Tulipeleka maandishi hayo kwa mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mzee wa usharika wetu. Alipoyasoma alitabasamu, akatuuliza, "Mjerumani gani huyu aliyekwenda vitani na kisu cha Sheffield?"

Alitueleza kwamba Sheffield ni mji wa Uingereza uliosifika kwa visu kwa mamia ya miaka. Mji wa Ujerumani wenye sifa hiyo hiyo unaitwa Solingen, na visu vingi vya Kijerumani vya wakati wa ukoloni vina jina hilo. Tena, sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilitaka bidhaa za kigeni zilizoweza kudhaniwa kuwa za Kiingereza zionyeshe zilikotoka, na ndipo maneno Made in Germany yalipoanza kuonekana sana. Kwenye vitu vya Kijerumani huonekana pia herufi D.R.G.M., zilizotumika tangu mwaka 1891 kuonyesha kwamba umbo la kitu limesajiliwa. Kisu chetu hakikuwa na lolote kati ya hayo.

"Na neno hili STAINLESS," akaendelea, "lina tarehe yake." Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913, kwa kazi ya mtu aitwaye Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma kisicholika upesi kwa ajili ya mitutu ya bunduki. Alichanganya chuma na kromi, akagundua kwamba chuma hicho hakiharibiwi na siki wala ndimu. Ndipo wakaanza kukitengenezea visu vya mezani. Vita vilipoanza mwaka 1914 chuma hicho kilihitajika katika injini za ndege, na visu vya aina hiyo vilienea majumbani baada ya vita. Basi kisu chetu kutoshika kutu hakikuwa kiini macho, ilikuwa ni kromi.

Tulimwuliza kuhusu meno. Alisema ni kweli baadhi ya visu vya bunduki vya Kijerumani vilikuwa na meno ya msumeno, lakini yalikuwa mgongoni mwa kisu, na makali yalibaki laini. Chetu kilikuwa na meno kwenye makali yenyewe. "Hii si silaha, wanangu," alisema. "Lakini mimi si mtu wa fedha na vito. Ile pete mpelekeeni sonara."

Tulipanda basi hadi Tanga, kisu kikiwa ndani ya kikapu chini ya ndizi. Sonara tuliyemkuta ni mzee ambaye baba yake naye alikuwa sonara. Aliweka kioo chake cha kukuzia jichoni, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatupa kioo tuangalie sisi wenyewe, mmoja mmoja.

Kwa kioo kile mizimu yetu ilikuwa na sura nzuri kabisa. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha mwanamume mwenye ndevu, na cha pili cha mwanamke mwenye taji. Sonara alitueleza kwamba huyo ni Mfalme George wa Tano wa Uingereza na mkewe, Malkia Mary. Mfalme huyo alitawala tangu mwaka 1910, na mwaka 1935 alitimiza miaka 25. Kwa ajili ya sherehe hiyo, mafundi wa fedha wa Uingereza waliruhusiwa kuongeza alama ya vichwa vya mume na mke katika vyombo vyao, kati ya mwaka 1933 na 1935 tu. Tuliokuwa tukiwaogopa walikuwa wanandoa.

Kisha akatusomea alama nyingine, kama mtu asomaye cheti cha kuzaliwa. Simba anayetembea ni alama ya fedha halisi, sehemu 925 katika kila 1,000. Taji ni alama ya ofisi ya mji wa Sheffield iliyopima fedha hiyo. Na ile herufi ndogo, s, ni alama ya mwaka. Kila mwaka ofisi hiyo ilibadilisha herufi, na alikuwa na kijitabu chenye orodha yake. Alipitisha kidole akaonyesha: herufi s, umbo lile, pamoja na vichwa vile, ni mwaka 1935.

"Kama pete hii ingekuwa ya Kijerumani," alisema, "tungeona mwezi mchanga na taji, na mara nyingi namba 800. Hiyo ndiyo alama yao tangu mwaka 1888."

Tulibaki na swali la mpini, nalo ndilo lililotutoa jasho. Sonara alituonyesha namna ya kutazama. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa, kwenye ncha ya mpini, ina mistari myembamba inayokatizana kama wavu. Mfupa una vitone vidogo vyeusi, ambavyo ni vijitundu vya mishipa ya damu. Mpini wetu haukuwa na wavu wala vitone. Ulikuwa na mistari iliyonyooka, sambamba, sawa kabisa kama mistari ya daftari. Vitu vya asili havinyooki hivyo. Ulikuwa seluloidi, kitu cha kiwandani kilichotengenezwa kuigiza pembe, na katika kuitengeneza hutiwa kafuri. Ukiisugua hadi ipate joto, kafuri hiyo hunuka hata baada ya miaka 80 au 90. Sanda yetu ikaishia hapo.

Alituonya jambo moja ambalo nasi tunawapa nyinyi. Wako watu wanaopima mpini kwa kuuchoma na sindano ya moto. Msithubutu. Seluloidi hushika moto upesi sana, na mtu anaweza kuungua uso.

"Sasa mzee," mkubwa wetu akauliza, "kisu chenyewe ni cha nini?"

Sonara akacheka. "Mama, hiki ni kisu cha keki."

Tulicheka dukani, tukacheka na kituoni. Babu alimpokonya ofisa wa Kijerumani kisu cha keki! Lakini basi lilipoanza kupanda milima pale Mombo, kicheko kilituisha. Mjerumani wa mwisho aliyepigana vita vile katika nchi zetu alisalimu amri mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kisu cha mwaka 1935 hakikuweza kuwa mkononi mwake. Basi Babu alidanganya? Na sisi, wanawake tulioingia tu katika ukoo huu kwa ndoa, ndio tuwaambie waume zetu kwamba babu yao alikuwa mwongo, tena kaburi la mama yao halijakauka?

Mmoja wetu alisema tunyamaze. Tuseme tu kwamba si pembe, mambo yaishe. Mwingine alisema tukinyamaza tumekuwa waongo wa pili. Tulilibeba jambo hilo siku kadhaa, tukaliombea, na mwishowe tukaamua kumwendea mtu pekee aliye hai aliyewafahamu Babu na Bibi kwa karibu. Huyo ni shangazi wa waume zetu, binti yao mkubwa. Amepita miaka 90 na anaishi Korogwe na mjukuu wake.

Tulimkuta amekaa uani anachambua mboga. Tulimpa shikamoo, tukapiga magoti, tukampa sukari na khanga tuliyomletea. Baada ya habari za msiba tulitoa kisu kikapuni. Hakuuliza ni nini. Alikipokea kwa mikono miwili akakiweka mapajani.

"Kisu cha mama," alisema.

Tulitazamana. Tulikuwa hatujawahi kusikia kikiitwa hivyo. Tukamweleza yote: Sheffield, vichwa viwili, herufi ya mwaka. Alisikiliza bila kushangaa. Kisha akatusimulia, naye alisimulia polepole kama mtu anayefungua fundo kuukuu.

Bibi alikuwa yaya. Alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Mwingereza mwenye shamba, akalea watoto wawili wa nyumba hiyo. Alilala huko huko, akaja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akaondoka kabla ya giza. Watoto wake mwenyewe, shangazi na wadogo zake, walilelewa na mama yake. "Mimi nilimjua mama yangu kwa Jumapili," shangazi alisema. "Siku nyingine sita alikuwa mama wa wale." Kisu kilikuwa cha nyumba ile. Bibi ndiye aliyekishika kila siku ya kuzaliwa ya watoto wale, akawakatia keki. Mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla kwisha, familia ile ilirudi kwao. Mama wa nyumba alimwita Bibi akamwambia achague kitu kimoja. Akachagua kisu.

"Nilikuwa kigoli mkubwa," shangazi alisema. "Nikamwuliza, mama, kwa nini hukuchagua blanketi? Akaniambia, nilikata keki zao zote kwa kisu hiki, na wewe sijakukatia hata moja. Siku moja nitakukatia. Lakini sukari ilikuwa wapi, unga wa ngano ulikuwa wapi? Akakiweka kasha la chini."

Tulimwuliza, tukiogopa, habari ya Babu na Mjerumani.

"Baba hakuwa mwongo," alijibu upesi. "Vitani alikwenda. Walichukuliwa wengi kubeba mizigo, wengi hawakurudi. Hata Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa ajili ya kikosi chao. Baba alirudi na bega lililopinda, na vita havikumpa kitu cha kuwaonyesha watoto. Mama naye alikuwa na kitu cha kuonyesha, ila hadithi yake ilimwumiza kuisema. Watu walimcheka kwamba amelea wa wenzake akaacha wake. Siku moja mtu alikiona kisu akauliza, na kabla mama hajajibu, baba akasema, nilikitwaa kwa Mjerumani. Mama alimtazama tu. Tangu siku ile ikawa hivyo. Alimfunika mkewe."

Tulimwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Kila mtu alikuja kusikia habari za vita."

Tulirudi Lushoto, tukawaita waume zetu watatu pamoja. Tuliwaeleza kama tulivyowaeleza nyinyi, kwa utaratibu ule ule, kuanzia neno STAINLESS hadi shangazi. Tulianza na alama kwa kusudi, kwa sababu alama hazipendelei mtu. Aliyetaka kuuza alisikia kwamba hakuna pembe, na fedha iliyomo ni ile pete nyembamba yenye gramu chache. Aliyetaka kutupa alisikia kwamba harufu ni ya kiwandani na vichwa ni vya mfalme na mkewe. Aliyetaka kutunza heshima ya Babu alisikia kwamba heshima ipo, tena kubwa kuliko ile ya kunyang'anya kisu. Walikaa kimya. Mume wa mkubwa wetu ndiye aliyesema kwanza: "Nimekaa na Bibi hadi nikaoa. Sikuwahi kumwuliza alifanya kazi gani." Kisha alinyoosha mkono akamshika mdogo wake bega.

Pengine nyumbani kwenu pia kuna kitu cha aina hii: kisu, kijiko, saa, sinia. Kabla hamjakigombania, kisomeni. Tafuteni jina la mji na la nchi. Tazameni kama kuna taji lenye herufi. VR ni Victoria, aliyetawala Uingereza hadi mwaka 1901. GR ni mmoja wa wafalme George wa kati ya mwaka 1910 na 1952. ER yaweza kuwa Edward wa Saba, wa 1901 hadi 1910, au Elizabeth wa Pili, aliyeanza mwaka 1952. Herufi EPNS zinamaanisha kitu kimepakwa fedha juu tu, msidanganywe bei. Kama mnashuku ni pembe ya ndovu, msikiuze wala kukisafirisha. Ulizeni kwanza ofisi ya wanyamapori. Lakini zaidi ya yote, mwulizeni mzee angali hai, tena mwulizeni bibi. Alama zilituambia mwaka na mji. Jina la aliyekishika halikuandikwa popote kwenye chuma.

Jambo la mwisho tunalisema kwa aibu. Usiku ule tuliotoka Korogwe, mmoja wetu alifika kwake akafunguliwa mlango na binti wa kazi, akiwa amembeba mjukuu wetu mgongoni. Binti huyo amekaa naye miaka mitatu. Tulijua kwamba ana mtoto kijijini. Lakini tulipokutana kesho yake na kuulizana, hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina la mtoto huyo. Tulikuwa tumetumia mwezi mzima na nauli za basi kutafuta mwaka wa kisu, na swali hilo fupi hatukuwa tumeliuliza kwa miaka mitatu.

Sasa tunalijua jina lake. Ana miaka minne. Mama yake huenda kwao kila mwisho wa mwezi na mshahara wake kamili, na likizo za shule mtoto huja kukaa naye kwetu. Si jambo kubwa, na bado tunajifunza. Wako wasomaji ambao tayari wanafanya zaidi ya hayo, na tunawapongeza.

Mwezi wa Desemba tulimleta shangazi Lushoto. Mdogo wetu alioka keki ya kawaida, ya mayai na maziwa, bila mapambo. Shangazi hajui tarehe aliyozaliwa, kwa hiyo tulisema ni leo. Kisu tulikiosha tukakiweka mbele yake. Waume zetu walitaka mpiga picha, naye akakataa, akasema picha baadaye. Alikata kipande cha kwanza, akakitazama kwa muda, kisha akala chote peke yake bila kumgawia mtu. Alipomaliza akapangusa midomo kwa ncha ya khanga, akaanza kutukatia wengine, watoto kwanza.